Mnaopokea mashine ya masomo, msivute waya

Wadogo zetu mliokabidhiwa Raspberry Pi (kompyuta ndogo) yenye Kolibri, programu ya masomo yasiyohitaji intaneti, huku Lubumbashi katika mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi, someni hii kabla hamjagusa kitu. Kila kikundi kipya kinarudia makosa ya kile kilichotangulia, na anayeumia ni mwanafunzi.

1. Zimeni data. Simu ikiona Wi-Fi yetu haina intaneti, inarudi kimya kimya kwenye data yake. Ukurasa haufunguki, na watu wanatangaza kwamba mashine imekufa. Mashine ni nzima. Mwenye simu azime data, aungane upya, aandike anwani ya mashine na :8080 mwishoni.

2. Msivute waya. Hapa tukae kidogo. Jioni kikao kinaisha, mwenye ukumbi anataka kufunga, kijana anachomoa Pi kama anavyochomoa redio. Au delestaji, yaani mgao wa umeme, inafanya hivyo kwa niaba yake. Kumbe ndani bado kuna kazi: kila jibu la zoezi linaandikwa kwenye faili moja, db.sqlite3, katika folda ya .kolibri. Umeme ukipotea katikati ya kuandika, faili hiyo inaweza kuharibika, au kadi nzima ya microSD. Kesho yake Pi haiamki. Kijana anatafuta kadi nyingine, anaweka mfumo upya, anarudisha video za Khan Academy za Kifaransa kutoka diski, anasema yote yamerudi. Yamerudi? Mama anayeuza unga sokoni, aliyekuwa akija kila Jumanne kujifunza asilimia ili ajue faida yake, anatafuta jina lake na halimo. Mazoezi ya miezi mitatu yamefutika. Anaambiwa aanze na kujumlisha. Mtu wa namna hiyo mara nyingi harudi, na hatakwambia kwa nini. Video utaipakua hata mara kumi, lakini jasho la mtu halipakuliwi popote.

Kwa hiyo: kwenye dirisha la amri la Pi andika sudo shutdown -h now, ngoja taa ya kijani iache kumetameta, ndipo uchomoe. Ni chini ya dakika moja, na mwenye ukumbi atangoja. Kila Ijumaa toa nakala kwa kolibri manage dbbackup, uihamishie kwenye flashi, na flashi hiyo ilale nyumba nyingine.

Kuhusu delestaji, betri ya mkononi ya mAh 10,000 ina Wh 37 hivi. Ondoa zinazopotea njiani, zinabaki kama 30. Pi 4 yenye kazi inakula wati 5, basi hesabu masaa matano au sita. Lakini kuna betri zinazokata kwa kufumba na kufumbua umeme wa SNEL (shirika la umeme) unapoondoka, na muda huo unatosha kuiangusha Pi. Ijaribuni siku isiyo na wanafunzi: chomoeni chaja ukutani, mwangalie. Chaja ya simu ya ampea 1 iacheni kwenye simu. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, ikikosa inajiwasha upya katikati ya somo.

3. Flashi ya FAT32 haipokei faili la GB 4 au zaidi, na Wikipedia ya Kifaransa yenye picha ya Kiwix, programu ya kuisoma bila intaneti, ni makumi ya GB. Iumbizeni kwa exFAT.

4. Kila mtu na jina lake. Watu watano wakiingia kwa jina moja, mwalimu haoni nani amekwama kwenye hesabu za sehemu (nusu, robo) na nani ameshazivuka, kwa hiyo hawezi kuwakalisha pamoja wasaidiane. Na kazi yetu ndiyo hiyo hasa, video ni kisingizio tu.

Vikundi navyo vikalishwe pamoja. Kama Ruashi wana chaneli (mkusanyo wa masomo ya Kolibri) ambayo Katuba hawana, msichome mega kuipakua tena. Wekeni mashine mbili kwenye mtandao mmoja, na Kolibri itachukua masomo kutoka kwa mwenzake bila intaneti. Tumieni waya wa Ethernet, kwa Wi-Fi GB 20 zitachukua muda mrefu zaidi, na mwanze asubuhi umeme ukiwa bado upo.