Karata Mbili za Taroti Husomwa kwa Pumzi Moja

Kosa langu kubwa katika kusoma karata za taroti, yaani karata za picha zinazotumika kupiga ramli, nililifanya mwaka wangu wa kwanza, sebuleni kwangu hapa Mbeya, jioni moja ya baridi kali ya mwezi Juni. Dada mmoja mwenye kibanda cha nguo Mwanjelwa alitaka kujua iwapo huu ni wakati wa kufungua kibanda cha pili. Nilipanga karata mbili, zikatoka Mnara na Nyota. Nikaanza na Mnara, nikaueleza kwa kirefu: radi, miali ya moto madirishani, taji linalong'oka kileleni, watu wawili wanaoanguka kichwa chini. Nilipofika kwenye Nyota, alikuwa ameshaacha kunisikiliza. Katika mji ambao soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, nilipaswa kujua kwamba picha ya jengo linalowaka haiachwi mbele ya mfanyabiashara peke yake hata kwa dakika moja.

Tangu siku ile sisemi neno mpaka niwe nimezitazama karata zote mbili na kupata sentensi moja inayozibeba pamoja. Mnara ni karata ya 16 na Nyota ni ya 17, kwa hiyo zinafuatana hata katika mpangilio wa karata kuu zenyewe, zile zenye namba na majina yao. Kwenye Nyota yupo mwanamke aliyepiga goti kando ya bwawa, akimimina maji kwa mitungi miwili, mmoja majini na mwingine kwenye nchi kavu. Zikisomwa kwa pamoja, na swali likiwa la kibanda cha pili, ningepaswa kumwambia dada yule kwamba upo udhaifu katika msingi wa biashara aliyonayo sasa, kwamba ni afadhali udhaifu huo ujitokeze mapema, na kwamba baada yake mtaji wake utagawanyika vizuri katika mikono miwili. Zingetoka kinyume, Nyota kwanza na Mnara baadaye, ningemtahadharisha kuhusu matumaini yanayojengwa juu haraka kuliko msingi unavyokauka.

Mpangilio, basi, ni nusu ya maana, na hili linaonekana vizuri zaidi katika karata zilizochorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa London mwaka 1909, ambazo ndizo ninazotumia. Chukua Askari Farasi wa Sarafu na Nane ya Fimbo. Askari huyu ameketi juu ya farasi mweusi aliyesimama kabisa, ameshika sarafu moja mkononi, na nyuma yake lipo shamba lililolimwa. Anatazama upande wa kulia. Kwenye Nane ya Fimbo hakuna mtu hata mmoja, zipo fimbo nane tu zinazopita angani kwa kasi na kushuka kuelekea kulia. Shemeji yangu analima viazi Uyole, na aliponiuliza kama auze shambani au asubiri bei, askari alikuwa kushoto na fimbo kulia. Ina maana mkulima mvumilivu anaitazama kasi inayompita mbele ya macho yake. Nilimwambia kwamba anajua kungoja kuliko anavyojua kuondoka, na kwamba habari za bei zitamfikia akiwa bado amekaa juu ya farasi. Kama fimbo zingekuwa kushoto, zingekuwa zinamjia askari kwa nyuma, na ningemsomea haraka isiyo yake, haraka ya madalali.

Wengi huniuliza kuhusu aina nne za karata ndogo 56, yaani fimbo, vikombe, panga na sarafu, wakidhani ni mambo mageni. Aliyewahi kucheza karata anazo tayari kinywani mwake, kwa sababu kopa, shupaza, uru na pau ni maneno yaliyotoka kwa Wareno, na kwao yalimaanisha vikombe, panga, dhahabu na fimbo. Fimbo huhesabiwa kuwa moto, vikombe maji, panga upepo na sarafu ardhi. Moto na maji zikikaa pamoja hupunguzana nguvu, na upepo na ardhi vilevile, lakini moto na upepo huchocheana. Mimi huiangalia kanuni hii baada ya picha, si kabla yake.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: karata mbili zisigeuke kidole cha kumnyooshea mtu. Ramli chonganishi imeumiza watu wengi, na Serikali iliipiga marufuku mwaka 2015. Jaribu huja kwa urahisi pale karata moja inapokuwa na tukio na nyingine ina mtu. Mama mmoja aliyekuwa akipoteza fedha dukani alipata Saba ya Panga, ambayo ina mwanamume anayenyata na panga tano huku mbili zikibaki nyuma, pamoja na Malkia wa Vikombe. Aliinama mara moja akauliza, "Ni mwanamke, sivyo? Ni wifi yangu?"

Nilimwomba amtazame Malkia vizuri, kabla hatujamtaja mtu yeyote. Amekaa kwenye kiti chake ufukweni, ameshika kikombe chenye kifuniko, na macho yake yote yamezama kwenye kikombe hicho. Haoni kingine chochote. Kikombe ni moyo, ni huruma, ni mtu anayeuguzwa. Nikamwambia kwamba katika jozi hii sioni kuwa Malkia ndiye mwizi. Naona ni yeye mwenyewe muulizaji, ambaye panga zake zinaondoka moja moja kwa sababu uangalizi wake wote umekwenda mahali pamoja.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba tangu mama yake alazwe, hajalifungua daftari la duka hata mara moja.