Marinda ya mgongoni yanafumuka, na uso unatoka kijani

SWALI: Fundi, jambo. Ninashonea binti yangu gauni la Kifaransa la karne ya 18, lile lenye marinda mapana yanayoanzia shingoni nyuma. Nataka apigwe picha chini ya jakaranda kabla mvua haijaanza. Marinda yanafumuka kiunoni, na picha za majaribio zimemtoa uso wa kijani. Nimekosea wapi? (Mama wa Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Jambo, mama. Marinda hayana kosa, kosa liko kwenye bitana. Katika gauni hili kinachobana mwili ni bitana peke yake. Kitambaa cha juu kinaning'inia tu. Ukiyapa marinda kazi ya kubana kiuno, yataachia kila akivuta pumzi, hata uyashone mara tatu.

Fumua mgongo wote. Kata bitana ya amerikani, umpime akiwa amevaa koseti na vikapu vya nyonga, yaani fremu za kutanua sketi pembeni. Katikati ya mgongo acha mpasuo wenye vitundu vya kamba, kutoka chini ya mabega hadi kiunoni, ukaze mpaka bitana itulie. Marinda yataufunika.

Kitambaa cha upana wa sm 115 kinatosha mgongo bila mshono wa katikati, kwa kifua cha sm 90 hivi. Panga marinda mawili ya sm 8, kila moja likunjwe mara mbili, tabaka juu ya tabaka. Rinda la namna hiyo hula mara tano ya upana wake, yaani sm 40. Mawili sm 80. Zinabaki sm 35, za kugawa kushoto na kulia. Piga bandi kwa mkono, kisha yashone kwenye bitana kutoka shingoni kushuka sm 12 tu. Pasi nayo iishie hapo. Mkunjo uliopigwa pasi hadi chini husimama kama ubao, na uzuri wote wa gauni hili ni kule kumwagika.

Sketi ya ndani ikipanda pembeni, usiguse upindo. Vikapu ndivyo vinavyokula urefu, kwa hiyo ongeza kitambaa juu, kiunoni, ili maua ya chini yabaki kwenye mstari. Kwa yote nunua vipande viwili vya yadi 6: mita 8 hivi ni za gauni na sketi, zinazobaki ni za mapambo. Na usione haya kutumia pamba ya maua. Ufaransa iliipiga marufuku pamba iliyochapwa tangu 1686 hadi 1759. Mwaka uliofuata mchapaji vitambaa Oberkampf alifungua kiwanda chake Jouy-en-Josas, karibu na Paris, na vitambaa vyake vikapendwa sana. Mimi ningechagua krimu au njano hafifu, kwa sababu zambarau itapotelea kwenye maua.

Sasa uso. Kamera ikiachiwa ijipange yenyewe huona zambarau juu na chini, ikadhani mwanga wenyewe ndio wa rangi hiyo, basi inaongeza kijani ili kuusawazisha. Ondoa mpangilio huo wa rangi ya mwanga. Weka mwenyewe kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5,200 juani, au 7,000 kivulini. Pima mwanga kwenye shavu lake, si kwenye lesi nyeupe, la sivyo uso utatoka mweusi usio na umbo. Nyuma yake pawe na matawi, si anga tupu.

Oktoba jua la adhuhuri huku kwetu liko karibu utosini, na macho hugeuka mashimo. Piga saa moja kabla halijatua, likitokea ubavuni, kwani mwanga wa pembeni ndio unaochonga marinda. Shika kamera usawa wa kiuno chake, naye akupe mgongo na kugeuza uso nusu. Mti uwe mita 4 au 5 kutoka kwake, upande wa pili na kamera.

Tandika shuka anaposubiri, maana maua yaliyokanyagwa huteleza. Vumbi jekundu likiingia kwenye upindo, likung'ute likiwa kavu. Ukilipangusa kwa maji litazama ndani ya pamba.