Usimruhusu fundi apandishe tundu la ekzosi kabla hujapima digrii

Mkuu, umesema una chenso (msumeno wa mnyororo) ya cc 72 unayopasulia mbao, na fundi wako anataka kupandisha ukingo wa juu wa tundu la ekzosi, lile la kwenye silinda linalotoa moshi, milimita 2 ili ikate haraka. Mzuie kwanza. Hicho ndicho nilichofanyiwa mimi, nikapoteza silinda nzima.

Mashine yangu ilikuwa Stihl MS 381, pistoni ya kipenyo cha milimita 52, mwendo wake wa juu na chini milimita 34. Nilikuwa Mafinga, kazi yenyewe paini na milingoti (mikaratusi). Fundi alikwangua kwa macho tu, bila kupima chochote. Tulipoiwasha pale nje ililia vikali mno, kila mtu akaridhika. Ilipoingia kwenye gogo la mlingoti, baa, ule upanga unaobeba mnyororo, ikizama nusu tu mnyororo unapungua kasi, unalazimika kuinua, kusubiri ilie tena, ndipo uendelee. Ilikuwa na mbio isiyo na nguvu.

Nilikuja kuelewa sababu baadaye. Kwenye mwendo wa milimita 34, kila milimita 1 unayopandisha juu ya tundu la ekzosi ni kama digrii 3 na nusu za mzunguko wa krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Milimita 2 ni digrii 7. Tundu lililokuwa likifunguka digrii 103 baada ya pistoni kutoka topu (juu kabisa), sasa linafunguka 96. Moto ambao bado ungeisukuma pistoni chini unatoka nje mapema. Tena pistoni ikipanda, tundu lile lile linachelewa kufungwa, kwa hiyo kompresheni (mgandamizo) nayo inapungua. Unapoteza mara mbili, na milimita ikishakwanguliwa hairudi.

Kupima si kazi ngumu. Fungua kava ya stata, chapisha duara la digrii 360 kwenye karatasi, libandike kwenye CD ya zamani, kisha liweke katikati ya flaiwili. Funga kipande cha waya kwenye bodi ya mashine kiwe mshale wa kusomea. Sasa tafuta topu, na hapa ndipo wengi wanakosea kwa sababu wanaikadiria kwa bisibisi. Pistoni ikiwa juu kabisa inakaa digrii kadhaa bila kusogea kwa namna unayoweza kuiona. Mimi nilichukua plagi mbovu, nikaivunja kauri, nikapenyeza bolti yenye ncha ya mviringo na kuifunga pale pale. Ukiifunga kwenye silinda, pistoni inagota kabla ya kufika juu. Zungusha taratibu mpaka igote, soma. Rudisha upande wa pili mpaka igote tena, soma. Mimi nilipata 31 upande mmoja na 37 upande mwingine. Tofauti ni 6, nusu yake 3, nikausogeza waya digrii 3. Nilipopima upya pande zote zilisoma 34. Hapo sifuri yako ni sifuri kweli.

Toa bolti, ondoa boksi la ekzosi na kabureta. Ingia mahali penye giza, mulika tochi kupitia tundu la plagi, zungusha polepole huku macho yako yakiwa kwenye tundu la ekzosi. Mstari mwembamba wa mwanga ukitokea juu ya pistoni, simama, soma digrii. Ukiwa na fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.05 ni bora zaidi: ibanwe kati ya pistoni na ukingo wa tundu, ikiachia tu, ndiyo namba yako. Fanya hivyo kwa matundu ya pembeni yanayopandisha mchanganyiko wa petroli na hewa, na kwa tundu la kabureta, ila hilo linafunguliwa na ukingo wa chini wa pistoni. Mashine yangu ya pili ilisoma ekzosi 103, ya pembeni 123, kabureta 75. Ukitaka muda mzima ambao ekzosi iko wazi, zidisha 103 mara 2, toa kwenye 360, unapata 154. Zile digrii 20 kati ya 103 na 123 zitunze sana, maana ndizo zinazoupa moshi nafasi ya kutoka kabla mchanganyiko mpya haujaingia.

Pima pia nafasi kati ya pistoni na kichwa cha silinda. Ingiza waya laini wa risasi ya kulehemu kupitia tundu la plagi, kwa upande ilikolala pini ya pistoni, zungusha mara moja, kisha pima ulipobanwa kwa venia. Wangu ulisoma milimita 1.0. Niliondoa gasketi ya chini ya silinda, ya milimita 0.5, nikaziba kwa silikoni ya joto, nafasi ikabaki 0.5. Usishuke chini ya hapo. Silinda ikishuka, namba zote zinahama: ekzosi ikawa 105, pembeni kama 125, na kabureta ikaongezeka kidogo kuelekea 77 bila kukwangua chochote. Nikapandisha ekzosi milimita 0.8 tu ikafika 102, na pembeni nusu milimita, 123.

Nguvu niliyoitafuta niliipata kwenye upana. Tundu la ekzosi nililitanua mpaka milimita 34, yaani kama asilimia 65 ya kipenyo. Kabla ya kukwangua, chora kwa maka peni mahali pistoni inapofunika, na hakikisha pini ya ringi, ile inayozuia ringi isizunguke, haipiti juu ya tundu. Kingo zote zilainishe kwa msasa, la sivyo ringi itanasa na kuvunjika siku hiyo hiyo. Gogo la mlingoti nililokuwa nikilikata kwa sekunde 21, sasa ni 15, na mnyororo hausimami. Boksi la ekzosi lenyewe nimeliongezea tundu, lakini wavu wa kuzuia cheche nimeuacha. Kiangazi msitu wa paini unawaka kwa cheche moja.

Jambo jingine linalowaponza watu wa huku kwetu: ukiiseti kabureta Mafinga, kwenye hewa nyepesi ya juu, halafu ukaipeleka Lindi, pwani kwenye hewa nzito, bila kuigusa, petroli inakuwa kidogo kulinganisha na hewa, na pistoni inashika (inakwama ndani ya silinda). Fungua skrubu ya petroli kwenye kabureta kwanza, ndipo uingie kazini.

Namba zangu usizinakili, kwa sababu silinda za bei nafuu matundu yake hayafanani hata zikitoka boksi moja. Pima yako, uniandikie hapa ekzosi, pembeni, kabureta na unene wa ule waya wa risasi. Tutahesabu pamoja kabla fundi hajashika grainda.