Kuhusu mbao kupasuka inapokunjwa kwa mvuke
Ndugu, umeuliza kwa nini mbao yako hupasuka upande wa nje wa pindo ingawa uliipika kwa mvuke saa nzima. Mvuke hulainisha lignini, yaani dutu ya asili ndani ya mbao inayoshikanisha nyuzi, lakini nyuzi hizo, ambazo hukubali kubanwa sana, zikivutwa hukatika kabla ya kurefuka hata kwa asilimia 3. Ndiyo maana Michael Thonet, fundi wa samani za mbao iliyokunjwa aliyetoa kiti chake namba 14 mwaka 1859, alifunga ukanda wa chuma upande wa nje, ncha zake zikiwa zimezuiwa, ili mbao ibanwe badala ya kuvutwa. Mbao iliyokaushwa kwa tanuri, kwa maoni yangu, iwekee kazi nyingine. Tafuta iliyokauka kwa hewa, yenye nyuzi zilizonyooka, uikunje mara tu itokapo kwenye mvuke.