Aliyeondoka naye ni mwanabendi

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Bendi ya marafiki wa chuo inaweza kudumu?", nimelisoma asubuhi na hadi jioni halijanitoka. Najua wengi watawajibu kwa kuwataja Queen, bendi ya roki ya Uingereza, na ndugu zetu wa Unguja watakuwa wa kwanza, maana mwimbaji wake, Freddie Mercury, ni mtoto wa Mji Mkongwe, alizaliwa pale 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. Hawatakosea. Ila mimi ningependa muulize kwanza jambo jingine: yule anayeondoka mnamweka wapi?

Kwa sababu Queen haikuanza na Mercury. Mwaka 1968 Brian May, mwanafunzi wa fizikia pale Imperial College, London, na rafiki yake Tim Staffell walibandika tangazo chuoni wakitafuta mpiga ngoma. Akajitokeza Roger Taylor, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Bendi wakaiita Smile. Staffell ndiye aliyeimba na kupiga besi, na yeye alikuwa chuo cha sanaa cha Ealing, alikosoma na huyo Bulsara wetu. Ndiye aliyemleta kwa wenzake. Kisha 1970 Staffell akahamia bendi nyingine. Bulsara akashika maiki, akaleta jina la Queen, na nembo akaichora mwenyewe, kwani uchoraji ndio aliousomea.

Kwa miaka mingi nilimwita Staffell msaliti. Chuki hiyo haikutoka London. Ilitoka kwenye stoo moja nyuma ya bwalo la chuo chetu, ambacho sitakitaja.

Tulikuwa wanne, mwaka wa pili, 2005. Wenzetu wote walikuwa kwenye bongo fleva na sisi tukataka roki. Ukutani tulibandika sponji za magodoro mabovu ili sauti isitoke nje, na kuanzia saa kumi jioni stoo nzima ilinuka maharage ya bwaloni. Boom, yaani pesa za kujikimu za wanafunzi, lilipotoka tulichanga tukanunua amplifaya ya mtumba Kariakoo kwa shilingi 120,000, nyingine tukabaki tunadaiwa na muuzaji. Ilikuwa na kitufe kimoja kilichovunjika, tukikizungusha kwa koleo. Hatukuona haya. Tulijua kwamba May gitaa lake alilitengeneza nyumbani na baba yake, shingo yake ikiwa ni mbao ya meko kuukuu.

Mpiga besi wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Mazoezi yakiisha, sisi tunatoka mbio kuwahi chakula, yeye anabaki anakunja waya zote, moja moja, kati ya kiganja na kiwiko, anazifunga kwa kamba za viatu. Sikuwahi kumsaidia hata siku moja. Leo hilo linaniuma.

Jumamosi moja, tukiwa tumebakiza wiki mbili kabla ya onyesho la kuwaaga wanaohitimu, alichelewa saa nzima. Akaingia amechomekea shati jeupe, bahasha mkononi. Hakukaa. Alichukua besi, akaiweka sawa nyuzi zote nne, taratibu, kama vile ndio kwanza tunaanza. Halafu akailaza juu ya kiti. "Jamani, mzee amelazwa, na wadogo zangu wako shule. Nimepata kazi Mtwara. Naripoti Jumatatu." Chuo akaahirisha.

Mwenzetu wa Unguja akasema, "Pole, ndugu yangu." Mimi nikasema, "Umetuuza." Hakunijibu. Akatoa mfukoni noti, akahesabu 15,000, sehemu yake ya deni la amplifaya, akaziweka kwenye kifuniko cha ngoma. Kisha akainama, akaanza kukunja waya, ingawa siku hiyo hatukuwa tumepiga hata wimbo mmoja. Tulisimama tukimtazama mpaka akamaliza.

Tulijaribu wapiga besi wawili baada yake. Wa kwanza hakuja mazoezi ya pili. Onyesho tulipiga bila besi, na bendi ikafa kabla hatujafanya mitihani. Ndiyo maana nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuwaambia hapana, bendi ya marafiki haidumu, kwa kuwa rafiki huwezi kumfunga na mkataba.

Lakini nikiyaandika haya naona nimelaumu upande mmoja tu. Queen nao walihangaika na wapiga besi hadi 1971 walipompata John Deacon, mwanafunzi wa elektroniki, kijana mkimya kuliko wote. Deacon naye alijiondoa kwenye muziki mwishoni mwa miaka ya tisini, May na Taylor wakaendelea. Na Staffell, niliyemwita msaliti? Mwaka 2018, ilipotoka filamu ya maisha ya Mercury, aliingia tena studio na May na Taylor wakarekodi upya wimbo wao wa enzi za Smile. Karibu miaka hamsini ilikuwa imepita tangu aondoke. Watu waliosalitiana hawafanyi hivyo.

Basi jibu langu ni ndiyo, inaweza, mradi wanaobaki wasimgeuze adui anayekwenda kulisha wadogo zake. Natahadharisha: Imperial College si stoo yetu, na kipaji kama cha Bulsara hakiji kila muhula. Huenda hata mpiga besi wetu angebaki tungekufa vilevile. Lakini tungekufa tukiwa tunasalimiana.

Amplifaya ninayo mimi, Tabata, chini ya kitanda. Waya ziko juu yake kama alivyoziacha, zimefungwa kwa kamba za viatu. Sijawahi kuzifungua. Kama anasoma gazeti hili huko Mtwara, ajue lile neno nimelifuta, na kwamba lilikuwa baya siku ileile nilipolisema.

Msomaji, Dar es Salaam