Madonge manne hayatoshi: pima uzi kabla ya kuanzisha hata kitanzi kimoja

Usiende Kariakoo Jumamosi kuongezea uzi. Na hicho ulichoanzisha jana usiku, kama hakijafika sentimita tano, kifumue leo kabla uzi haujashika mikunjo.

Umeandika una madonge manne ya uzi wa akriliki wa rangi ya krimu, gramu 100 kila moja, unafuma blanketi la mtoto la sentimita 80 kwa 100 lenye pindo la sentimita tano, na "yakipungua naongezea, muuzaji kasema rangi hii haikosekani". Ukaongeza kwamba una viporo saba mfukoni, yaani kazi ulizoanza ukaziacha njiani, na gunia la mabaki ya nyuzi, ukauliza uvimalize vipi. Naanza na hilo la kuongezea, maana ndilo litakalokuzalia kiporo cha nane.

"Haikosekani" hata mimi niliwahi kuambiwa. Kitambaa cha kochi la watu watatu kikabadilika rangi kwenye mizunguko ya mwisho, mteja akarudisha seti nzima, na uzi ulikuwa wa namba ileile ya rangi. Dada, hapo ndipo penye mtego. Muuzaji anakuuzia namba ya rangi, wewe unayehitaji ni namba ya bechi. Kiwandani uzi unachovywa rangi kwa mikupuo, ndiyo bechi zenyewe, na kila mkupuo una joto lake, maji yake na kipimo chake cha rangi, kwa hiyo krimu ya mkupuo wa leo na krimu ya mkupuo wa mwezi ujao ni ndugu, si pacha. Ndiyo maana kwenye karatasi ya donge kuna namba mbili: moja ya rangi, nyingine imeandikwa "Lot" au "Dye lot". Anayefungua katoni mpya kila wiki anaziona namba hizo zikibadilika. Analijua hilo vizuri sana, na bado anamwambia mteja aanze na madonge manne. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu ingemchukua nusu dakika kusema "mama, chukua yote ya bechi hii, yakibaki utarudisha".

Na usidhani utaitambua tofauti palepale dukani. Chini ya taa nyeupe za ndani bechi mbili za krimu hufanana kabisa. Ukitoka nazo juani, moja ina umanjano. Zikishafumwa ndiyo mbaya zaidi, maana jicho linapita juu ya tofauti ndogo iliyotawanyika lakini linanasa mstari. Blanketi linapata mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, kitambaa cha duara kinapata pete. Kufua hakuutoi, na pengine kunauzidisha kwa sababu bechi mbili si lazima zipauke kwa mwendo mmoja.

Kwa hiyo pima kwanza. Tafuta mizani ya jikoni ya betri inayosoma gramu moja moja, ileile ya kupimia unga wa keki. Fuma kipande cha majaribio cha sentimita 20 kwa 20 kwa sindano zilezile na mshono uleule wa blanketi. Wengi hufuma cha 10 kwa 10, na hapo ndipo hesabu inapoharibika: kipande hicho kina kama gramu tano tu, mizani ikikosea nusu gramu umeshapotoka asilimia kumi kabla hujaanza. Cha 20 kwa 20 kinakupa gramu za kutosha kuziamini. Kioshe, kikauke kabisa, kipime urefu na upana upya, halafu kipime uzito.

Tuseme kimekuja gramu 20, ambayo ni kawaida kwa uzi wa unene wa kati. Blanketi lako ni sentimita za mraba 8,000, kipande ni 400, kwa hiyo blanketi ni vipande 20: gramu 400. Hapo ndipo unaposema madonge manne yanatosha. Na pindo? Sentimita tano kuzunguka pande zote inakupa 90 kwa 110, yaani 9,900. Toa 8,000, pindo peke yake ni 1,900, karibu vipande vitano, gramu 95. Pindo linakula donge zima! Jumla gramu 495. Ongeza asilimia kumi ya mikia ya uzi, mafundo ya kiwandani utakayoyakata na mkono unaolegea ukichoka, unafika kama 545. Hayo ni madonge sita. Ungekwama pindoni, ukapanda basi la mwendokasi hadi kituo cha Gerezani, Kariakoo, kutafuta mawili, ukapewa bechi nyingine.

Sasa igeuze hesabu. Usiulize blanketi linataka uzi kiasi gani, uliza uzi ulio nao unatoa blanketi la ukubwa gani. Gramu 400, weka akiba ya 40, zinabaki 360. Gawa kwa 20, unapata vipande 18, yaani sentimita za mraba 7,200. Hiyo ni 80 kwa 90 kamili. Pindo lifume kwa rangi nyingine kabisa kutoka kwenye gunia: ukitaka 90 kwa 100 kwa nje unahitaji kama gramu 90 za mabaki, ongeza kumi za akiba. Kijani au bluu iliyokolea karibu na krimu itaonekana umeikusudia. Krimu karibu na krimu nyingine itaonekana umeishiwa. Madonge yenyewe yapime pia, usiamini karatasi.

Angalizo moja kuhusu mabaki ya pindo: yawe ya unene uleule na nyuzinyuzi zilezile. Pamba ikifuliwa huweza kusinyaa, akriliki haisinyai, pindo likajikunja kama kikapu. Kama donge limepoteza karatasi yake, kata kipande cha uzi cha sentimita tano, kishike kwa koleo juu ya sahani yenye maji, ukiwashe. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu laini, sufu inanuka nywele zilizoungua na hujizimia yenyewe, akriliki inayeyuka na kuacha shanga nyeusi ngumu. Na usichukue gramu za akriliki ukazitumia kwa pamba. Pamba ni nzito, kwa unene uleule gramu 100 zake zina mita chache zaidi. Kila uzi na kipande chake cha majaribio. Pamba vilevile hunyonya unyevu wa hewa, na masika ya hapa mjini unajua yalivyo, kwa hiyo kipande na madonge vipimwe siku moja, vikiwa vimekaa chumba kimoja. Akriliki haina shida hiyo.

Kama donge halina karatasi na unataka kujua ni bechi moja na jingine, chukua kadi nyeupe, zungusha nyuzi mara tano za donge la kwanza, mara tano za la pili, bila kuacha nafasi, halafu toka nje kivulini mchana. Ukiuona mpaka, ni bechi mbili.

Na kama umeshakwama na bechi mbili? Kuna njia ila inataka uwahi. Usisubiri uzi wa zamani uishe. Ukibaki na theluthi ya bechi ya zamani, anza kuchanganya: mistari miwili ya zamani, mistari miwili ya mpya, ukivuta nyuzi pembeni bila kukata, mpaka ya zamani iishe. Mpaka unatawanyika, jicho halina mstari wa kushika. Kwenye duara fanya hivyohivyo kwa mizunguko. Kama ya zamani imeisha kabisa, fumua sentimita 15 au 20 uipate. Uzi wenye mikunjo uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa uzi mwingine ukiwa umelegea, uloweke maji ya uvuguvugu nusu saa, uukamue ndani ya taulo, uutundike kivulini. Pasi usiiguse. Wanga na pasi ya moto tulivyozoea kwa vitambaa vya pamba vya makochi vinaua akriliki: inalainika kwa joto, inapoteza mnyumbuko na kuanza kung'aa, na hairudi tena.

Viporo sasa. Toa vyote saba, kila kimoja kipime peke yake bila sindano, halafu pima uzi wake uliobaki. Andika namba hizo mbili kwenye karatasi uitie ndani ya mfuko wake. Kipande cha mstatili hesabu yake ni rahisi: kimefika nusu ya urefu na kina gramu 130, kinataka 130 nyingine na akiba kidogo. Kama uzi haupo, kifunge hapo kiwe cha meza, au malizia kwa rangi nyingine, au kifumue. Kukihifadhi ukisubiri bechi irudi ni kujidanganya.

Vya duara ndivyo vinavyowadanganya watu, nadhani na vyako viwili vya stuli ni vya namna hiyo. Duara la mizunguko 20 likifika mzunguko wa 10, moyo unakwambia umefika nusu. Umefika robo. Likifika mzunguko wa 15 umetumia asilimia 56 tu, maana eneo linakua kwa mraba wa upana na mizunguko mitano ya mwisho ndiyo mirefu kuliko yote. Ukiwa mzunguko wa 15 na kitambaa kina gramu 60, gawa 60 kwa 0.56, kitamalizika kwenye gramu 107 hivi. Umebaki na 40? Ishia mzunguko wa 18, ambao utataka kama gramu 27 tu, na zinazobaki zitoshe ua la ukingoni.

Sweta la mtoto, lile unalompelekea bibi yake Njombe: mikono miwili pamoja hula karibu theluthi ya uzi wote. Ukiwa na wasiwasi fuma mikono kwanza, upime, kisha kiwiliwili kiishie pale mizani itakapokwambia.

Gunia la mabaki lina dawa yake, nayo pia ni mizani. Panga kwa unene na aina, pima fungu zima, halafu fuma blanketi la pembe kwa pembe: anza na vitanzi vitatu, ongeza kimoja kila mwanzo wa mstari, ukibadilisha rangi ovyo upendavyo. Ukilipima blanketi likawa nusu ya uzito wa fungu kasoro gramu kumi, acha kuongeza, anza kupunguza kimoja kila mstari. Unapata mraba kamili na uzi unaisha nao. Mikia iache sentimita 15 na uifiche kwa sindano kila baada ya rangi tatu nne, usirundike mikia sitini ya mwisho, ndiyo inayogeuza blanketi lililokamilika kuwa kiporo. Na kwenye kazi ya mstatili, kwa kufunga mstari wa mwisho bakiza uzi mara nne ya upana.

Leo fuma kile kipande cha 20 kwa 20 tu. Kikikauka andika hapa gramu zake na uzito halisi wa madonge manne, nikupigie hesabu ya ukubwa kabla hujaanza upya.