Jibu: Je, sikio linatosha kupima sauti ya mgonjwa?

Ndugu, umeuliza kama sikio pekee linatosha kupima sauti iliyokwaruza. Ndilo la kuanzia, ila lipe vipimo. Tumia GRBAS, mizani ya kupima sauti kwa kusikiliza: ukubwa wa tatizo kwa jumla, mkwaruzo, pumzi inayovuja, udhaifu na mkazo, kila kimoja 0 (hakuna tatizo) hadi 3 (tatizo kali). Mrekodi mgonjwa akivuta "aaa", kisha akizungumza kawaida, maana wapo wanaovuta "aaa" safi kabisa halafu sauti inakatika wakianza kuongea. Hilo usilipuuze hata kidogo! Muulize pia inavyomwathiri. Mwalimu mwenye alama 1 anaweza kuteseka sana darasani. Mkwaruzo ukizidi wiki 4, koo lichunguzwe kwa kamera, kwani sikio haliwezi kutofautisha kivimbe cha kawaida na saratani.